Aliyekuja na Vitabu vya Danemarki

Shangazi yangu Valérie ataieleza habari hii kwa namna yake, na kwa namna yake ni yeye aliyefanya kila kitu. Kwa hiyo nawahi mimi mwenyewe.

Mtu hahitaji msimu mzima kuchagua kitabu cha safari. Anaingia dukani, anakifungua, anasoma kurasa mbili, analipa, anakwenda zake. Lakini mimi Estelle, binti wa Muzee Honoré wa mtaa wa Mudzipela, mwanamke mzima mwenye akili timamu, nilikuwa nachagua kitabu cha Danemarki tangu mvua zilipoanza, na sasa mvua zilikuwa zinaelekea kwisha.

Sababu ilikaa nyuma ya meza ya papeteri, ndani ya shati lililopigwa pasi, na jina lake Delphin.

Papeteri ya Delphin iko karibu na bulevari, pale Bunia mjini. Anauza madaftari na kalamu, anapiga fotokopi, na nyuma kabisa ana rafu moja ya vitabu anavyotumiwa na binamu yake Chris kutoka Bruxelles. Siku nilipomwambia kwamba shule moja ya maziwa huko Danemarki imenialika kwenda kujifunza kutengeneza jibini, aliniangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida ya muuza madaftari.

"Danemarki," alisema. "Kule kwa baridi?"

"Kule kule. Wananilipia tiketi na kitanda. Wiki sita, halafu narudi."

"Na simu yako itakuonyesha njia?"

"Ndiyo, kwani?"

"Simu inazima, Estelle. Inaibiwa, inaanguka ndani ya maziwa. Weye unahitaji kitabu."

Nilijua kabisa kwamba hayo ni maneno ya kuuza. Nikasema basi, agiza.

Akaagiza viwili, vyote vya Kifaransa. Kimoja kinene kama tofali, kimejaa majumba ya wafalme, hoteli, namba za polisi na za hospitali. Kingine chembamba, kinaeleza vijiji, treni, baiskeli, na watu wanaopokea wageni mashambani kwao. Delphin alitaka nichukue kinene. Mimi nilipenda chembamba. Hapo ndipo ugomvi wetu mtamu ulipoanzia, na kila nilipopita mjini nilijikuta nimesimama pale tukibishana, vichwa vimeinamia ukurasa mmoja, na mimi nikisoma sentensi moja mara nne bila kujua inasema nini, kwa sababu mkono wake ulikuwa karibu na wangu.

Hakuna aliyesema neno. Yeye mwoga, mimi nina kiburi. Na wote wawili tulijua kwamba siku nitakayochagua, sitakuwa tena na sababu ya kuingia dukani mwake.

Tatizo kubwa lilikuwa baba. Sisi ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe za baba ziko upande wa Fataki, na mimi hapa Bunia natengeneza jibini, ile tunayoiita fromaji, kwa maziwa yake na ya jirani zake. Inapendwa, lakini haikai. Nikiituma mbali inafika imeoza, na mwaka ule nilikuwa nimemwaga maziwa mengi hadi nikalia. Nilitaka kwenda kujifunza kwa watu wanaojua. Pasipoti ilikuwa tayari, viza pia. Kilichokosekana ni neno la baba, na mimi siwezi kupanda ndege baba yangu akiwa amenuna. Hakusema ndiyo wala hapana. Kila nilipoanza, "Papa, ile safari," alinijibu, "Ile ng'ombe mwekundu imeshazaa?"

Ijumaa nikamwambia Delphin, "Lete vitabu vyote viwili nyumbani kesho. Papa aone. Labda akiona picha ataamini kama ile nchi iko."

Akashtuka. "Kwenu? Miye peke yangu niingie kwa Muzee Honoré?"

"Kama unaogopa, kuja na mutu mukubwa."

Nilisema hivyo kwa ajili ya heshima tu. Sikufikiri zaidi.

* * *

Jumamosi mchana shangazi Valérie, dada yake baba, alikuwa barazani anachambua maharage. Mimi nilikuwa jikoni na mama. Ghafla tukasikia ungo umeanguka.

"Brigitte!" shangazi alimwita mama. "Brigitte, toka! Wamekuja!"

Nikachungulia. Mungu wangu. Delphin alikuwa anaingia getini amevaa koti jeusi, viatu vinang'aa, na chini ya kwapa ana kitu kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi. Mbele yake anatembea baba yake mdogo, Muzee Alphonse, kofia kichwani, na begani amebeba kazie, kreti nzima ya vinywaji vitamu, chupa zinagongana.

Kwetu kijana mwenye koti, akiongozwa na baba yake mdogo, na kazie ya vinywaji, siku ya Jumamosi, haji kuuliza saa. Anakuja kupiga hodi. Anakuja kusema ameona binti. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua.

"Shangazi, ngoja," nilianza, "hawa wameleta..."

"Ingia ndani! Musichana hasimame hapa akikodoa macho kama mbuzi! Kumbe ulikuwa unatuficha, weye!" Akanisukuma chumbani, akashusha pazia. Nikasikia viti vinaburutwa. Mama akatandika kitambaa cha mezani, kile cha Noeli. Baba, aliyekuwa amelala kitini na singleti, akaingia chumbani mwake na kutoka na koti la harusi yake.

Ningeweza kutoka na kusema ukweli. Sikutoka. Nawaambieni wazi: nilitaka kusikia ingekuwaje. Nilitaka, hata kwa dakika chache, kuwa msichana ambaye Delphin amemjia na kazie.

Pazia letu ni fupi. Niliona viatu vyake tu, vimebanana pamoja kama vya mtu anayengoja kuitwa na dokta.

"Wageni, karibuni," baba alianza kwa ile sauti yake ya kanisani. "Njia ya kwetu iko na vumbi, na mumeikanyaga. Siye hatujue kitu. Tunauliza tu: katika nyumba hii mumeona nini?"

Muzee Alphonse ni mtu wa furaha, anapenda watu, na hakuwa ameelewa lolote. Alidhani ndivyo familia yetu inavyosalimia.

"Muzee, hatuone mubaya hata moja," alijibu. "Nyumba iko muzuri, watu wako wazuri. Siye tumeleta tu kitu ya Estelle."

Shangazi akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

"Ya Estelle!" baba alisema. Sauti ilimtetemeka, jamani, baba yangu! "Nashukuru Mungu. Muzee mwenzangu, nikuambie kitu. Huyu mutoto alitaka kwenda Danemarki. Miye nilinyamaza. Mutoto mukubwa ukimukatalia analia, ukimukubalia anapotea. Usiku silale. Nilikuwa naomba Mungu anionyeshe njia, na leo ameonyesha. Musichana aliyepigiwa hodi hapande ndege, anakaa anangoja siku ya mahari. Basi! Mambo ya Danemarki imeisha."

"Imeisha kabisa!" shangazi aliitikia. "Kule hakuna ata jua!"

Nikakaa kitandani. Ndani yangu watu wawili walikuwa wanagombana. Mmoja anaruka ruka: nimepatiwa Delphin, nimepatiwa! Mwingine anaona ndoo za maziwa zinamwagwa kwenye mtaro, mwaka huu na mwaka kesho na mwaka wa kesho kutwa. Nikaviangalia vile viatu. Nilijua anachotakiwa kufanya ili anipate ni kitu rahisi kuliko vyote. Anyamaze tu.

Na Muzee Alphonse, ambaye sasa alikuwa ameanza kuelewa, alimshauri hivyo hivyo. Alidhani ananong'ona, lakini mzee yule hajui kunong'ona.

"Nyamaza, mutoto. Nyamaza kabisa. Mungu amekupatia bure."

Viatu vikasogea, na Delphin akasimama.

"Papa, unisamehe. Miye sikukuja kupiga hodi."

"Unasema nini?"

"Nimeleta vitabu. Viko viwili, vya Danemarki. Estelle achague kimoja, ajue njia kule. Nilikuja kumusaidia aende."

"Na koti?" shangazi aliuliza.

"Ni kwa heshima, mama."

"Na kazie?"

Muzee Alphonse akakohoa. "Ile... ile iko ya batizo. Mujukuu yangu anabatizwa kesho. Tulipita hapa kwanza, kwa sababu ni njiani."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, nikamsikia anajiziba mdomo na kile kitambaa cha Noeli. Lakini baba hakucheka. Kiti chake kililia alipoinuka.

"Kijana. Umetuvalisha makoti. Umenifanya nifungue moyo yangu mbele ya wageni. Sasa unaniambia mutoto yangu hakutoshe?"

"Ananitosha, Papa! Ananizidi!" Delphin karibu alipiga kelele, na mimi nikashika pazia kwa mikono miwili. "Kumupenda, namupenda. Kila akiingia dukani nasahau kurudisha watu chenji. Ningeweza kunyamaza sasa hivi, ungenipatia, na ningefurahi mpaka kufa. Lakini yeye je? Kila siku angechemsha maziwa akifikiri ile shule. Angeniangalia akiona mutu aliyemufungia mulango. Miye sitaki vile. Mumuache aende. Akirudi, kama ananitaka, nitakuja na baba mudogo, na hatutakuwa na kitabu."

Hapo, nawaambia ukweli, nilimpenda kuliko nilivyojua kwamba mtu anaweza kupenda. Nilikuwa nimemdhania mwoga! Nikafuta macho kwa kanga, nikainua pazia na kutoka bila kuitwa.

"Tazama huyu naye!" shangazi alisema. Lakini alinisogezea kiti.

Delphin aliniona, akaangalia chini, kisha akainua macho na kuyaacha kwangu. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. Sijawahi kuona mwanaume mzuri kama yule.

Baba alibaki amesimama, anatuangalia mmoja mmoja. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Leta hivyo vitabu."

Delphin akachana karatasi. Baba akashika kile kinene kwanza, akalamba kidole, akafungua. Kasri la mfalme. Akafungua mbele. Kasri lingine.

"Estelle, weye unaenda kwa mufalme?"

"Hapana, Papa."

Akakiweka mezani. Akafungua chembamba, na nikaona uso wake unabadilika. Ukurasa mzima ulikuwa na picha ya ng'ombe, weusi na weupe, kwenye majani mabichi hadi mwisho wa macho. Baba akakaa chini. Akakisogeza kitabu mbali, akakirudisha karibu.

"Hizi ng'ombe, mbona hazina pembe?"

"Wanazitoa zikiwa bado ndama, Papa," Delphin alisema. "Zisiumizane ndani ya zizi."

"Masikini! Ng'ombe bila pembe, utamutambuaje? Na wakati wa baridi zinakula nini?"

"Majani waliyokata wakati wa jua na kuyafungia vizuri. Zinalala ndani, kuko joto."

"Na mutoto yangu atalala wapi?"

"Kwenye shule yenyewe, kijijini. Kutoka Copenhague ni treni moja, halafu basi. Wakati atakaokuwa kule jua inachelewa kutua mpaka karibu saa nne ya usiku, kwa hiyo hata akikosa basi, hatatembea gizani. Na kama atagonjwa, kuko muganga wa hospitali kwenye kijiji cha pili. Siku ya Mungu, kanisa iko nyuma ya stesheni."

Alikuwa anasema yote hayo bila kuangalia kitabu. Kitabu kilikuwa mapajani mwa baba.

"Delphin," nilisema polepole, "vitabu hivi umevisoma vyote?"

"Vyote viwili."

"Vyote? Hata na kile cha wafalme?"

"Nilitaka nijue kila siku utakuwa wapi," alisema. "Nikifunga duka magaribi, niweze kusema: sasa hivi anapita hapa."

Mama akasema "Yesu!" na kugeukia ukutani. Hata shangazi alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba ambacho hakikuwemo. Mimi niliokota ile karatasi ya zawadi, nikaikunja mara nne bila kujua naifanyia nini.

Baba akafunga kitabu chembamba na kunipa kwa mikono miwili.

"Chukua hii. Iko na ng'ombe." Akasafisha koo. "Utaenda. Utaniulizia kule, kwa siku moja ng'ombe moja inatoa maziwa kiasi gani. Waseme kweli, wasinidanganye."

"Papa!" Nikapiga magoti, nikamshika miguu. Alinipiga piga mgongoni kama anavyompiga ndama.

"Honoré!" shangazi alilipuka. "Unamuachilia peke yake? Na akirudi na muzungu?"

"Alirudi lini na fromaji ya mutu mwingine?" baba alimjibu. "Huyu mutoto hapende kitu asichotengeneza mwenyewe."

Muzee Alphonse alicheka mpaka kofia ikamwanguka, kisha akaona heri aondoke kabla mambo hayajageuka tena. Akainama kubeba kazie yake.

"Weka chini," shangazi akasema.

"Mama, lakini batizo..."

"Weka chini, nimesema. Kwetu kinywaji iliyowekwa mbele ya wazee na maneno ikasemwa juu yake, haitoke tena kwa mulango. Inanywewa ao inakataliwa, na anayekataa ni musichana." Alimgeukia baba, na macho yake yalikuwa yanacheka, yule mwanamke mkorofi. "Kaka, kijana amesema anapenda. Tulisikia wote. Uliza mutoto."

Desturi ni desturi. Baba hawezi kuonja kinywaji cha mtu aliyemtaka binti yake kabla binti mwenyewe hajasema.

"Estelle," baba akauliza, taratibu sasa, si kwa sauti ya kanisani. "Hivi vinywaji ya hawa watu, tunywe ao tusinywe?"

Delphin alikuwa ameshika kitabu kinene kwa mikono yote miwili, amekikumbatia kifuani. Alitikisa kichwa kidogo, kama kuniambia: usijibu leo, uko huru, hukulazimishwa. Nikajua kwamba nikisema "tusinywe" atatabasamu, atabeba kazie na baba yake mdogo, na Jumatatu atanifungulia duka kama kawaida.

Nilisimama.

"Tunywe, Papa."

Vigelegele vya shangazi vilisikika hadi barabarani, na jirani yetu Fanny akaja mbio na mkono wenye unga kuuliza nani ameolewa. Mama akamkumbatia Delphin na kitabu chake. Muzee Alphonse alihesabu chupa kwa macho, akahema, kisha akaamua kwamba mjukuu ni mtoto mdogo na hatajua.

Mimi ndiye niliyemimina. Glasi ya kwanza kwa baba, ya pili kwa Muzee Alphonse. Ya Delphin niliileta mwenyewe, macho kwake badala ya glasi, hadi nikammwagia kwenye kile kiatu kinachong'aa. Hakukiangalia.

"Sitakuuliza kama utarudi," alisema kwa sauti ya chini.

"Uliza."

"Utarudi?"

"Nitarudi. Na siku nitakayorudi nisikukute nyuma ya meza yako. Nikukute hapa, mbele ya baba, na baba yako mudogo." Nikainama sikioni mwake. "Lakini safari ile, Delphin, kuja na kazie yako mwenyewe. Hii tumenyang'anya mutoto wa watu."